Mariachi: Muziki Uliokua kwa Kuchanganyika

Katika kila darasa yuko mwanafunzi ambaye, mazungumzo yakifika kwenye asili ya maneno, hunyosha mkono na kutoa hadithi aliyoisikia nyumbani. Hadithi hizo ni tamu, na aghalabu si za kweli. Sisi wenyewe, tukiwa walimu, kwa miaka kadhaa tuliwapa wanafunzi wetu moja ya hadithi za namna hiyo. Tulikuwa tukifundisha maneno yaliyohama lugha, nasi tukatoa mfano wa neno mariachi, jina la muziki mashuhuri wa nchi ya Meksiko. Tulisema kwamba jina hilo latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ndoa. Kwamba Wafaransa walipoivamia nchi hiyo mwaka 1862, na baadaye kumtawaza Maximilian wa Austria, walipenda kuwaalika wapigaji wa vijijini katika arusi zao, na jina la sherehe likawaambaa wapigaji. Tuliisoma habari hiyo mahali tulipopaamini, tukaifundisha kwa moyo mkunjufu.

Habari hiyo si ya kweli. Mwaka 1981 ilitangazwa barua ambayo padri Cosme Santa Anna, wa parokia ya Rosamorada katika sehemu ambayo leo ni jimbo la Nayarit, alimwandikia askofu wake wa Guadalajara mwaka 1852, yaani miaka 10 kabla ya vita vya Wafaransa. Padri huyo alikuwa analalamika. Alisema kwamba Jumamosi Kuu, alipotoka kanisani, alikuta uwanjani makundi mawili ya wachezaji, meza ya kamari, na watu wengine wa miguu na wengine wa farasi wakipiga makelele kwa ajili ya pombe. Akaeleza kwamba aliwahi kuwanyang'anya wapigaji ala zao. Na mikusanyiko hiyo, alimweleza askofu, katika sehemu zile huitwa mariachi.

Basi Wafaransa wamekwisha kuondoka katika hadithi. Wataalamu wengine husema kwamba neno ni la lugha za wenyeji wa asili, wengine husema kwamba ni jina la mti uliotengenezewa jukwaa la kuchezea, nao hawajapatana. Wasomaji waliowahi kuwasikiliza watu wakibishana juu ya jina la Bagamoyo wataelewa hali ilivyo.

Lakini barua ile yatufundisha jambo kubwa zaidi kuliko kukosoa etimolojia. Kwa padri Santa Anna, mariachi haikuwa bendi. Ilikuwa ni shughuli nzima: wapigaji, wachezaji, pombe, meza ya kamari na uwanja wenyewe. Baadaye neno likaja kuwa jina la kundi la wapigaji, likawa jina la mpigaji mmoja mmoja, likawa jina la muziki wao. Mgeni huweza kutatizwa na jambo hilo, lakini mwenye Kiswahili hatatizwi hata kidogo, kwa kuwa sisi nasi tuna neno ngoma: ni ala, ni mchezo, na ni shughuli inayowakusanya watu usiku kucha.

Kitovu cha muziki huu ni magharibi ya Meksiko, katika majimbo ya Jalisco, Nayarit, Colima na Michoacán. Mji mdogo wa Cocula, ulioko Jalisco, hujisifu kuwa ndio mzazi wake, na miji mingine hukataa. Tusiingie katika ugomvi huo. Lililo wazi ni kwamba wazazi wake ni wengi. Wahispania waliouteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521 walikuja na fidla, kinubi na magita ya namna mbalimbali. Mafundi wa nchini wakaziunda upya ala hizo kwa mbao za kwao na kwa masikio yao. Hivyo ikapatikana vihuela, gita dogo la nyuzi tano lenye mgongo uliobenuka, ambalo sauti yake ni kali na ya kukatakata. Na guitarrón, gita kubwa la nyuzi sita lenye mgongo kama huohuo, ambalo mpigaji wake huvuta nyuzi mbili kwa pamoja ili sauti nzito isikike mbali. Wenyeji wa asili walikuwa na nyimbo na michezo yao kabla Wahispania hawajafika, nao ndio waliokuja kuwa mafundi, wapigaji na wachezaji wa ala hizo mpya.

Mzazi wa tatu alisahauliwa kwa muda mrefu. Watumwa Waafrika walipelekwa Meksiko kwa wingi, hasa kati ya mwaka 1580 na 1640, na sehemu kubwa yao walichukuliwa kutoka Kongo na Angola. Gonzalo Aguirre Beltrán alipochapisha mwaka 1946 kitabu chake juu ya watu weusi wa Meksiko, wengi wa wananchi wenzake walishangaa, maana walikuwa wamezoea kujiona kuwa ni watoto wa Mhispania na Mwenyeji peke yao. Kwa walimu wa Kiswahili ushahidi mmoja unatosha kuamsha udadisi: katika jimbo la Chiapas, kusini ya nchi hiyo, ala inayopendwa kuliko zote huitwa marimba. Neno hilo halihitaji mkalimani kwetu.

Katika mariachi ya kale alama ya Afrika hutafutwa zaidi katika mapigo. Wimbo wa asili wa Jalisco, unaoitwa son, una mapigo sita. Lakini mapigo hayo mara huhesabiwa matatu matatu, mara mawili mawili, na mara nyingine gita huhesabu hivi huku fidla ikihesabu vile. Juu ya hayo huja miguu ya wachezaji. Mwanamume na mwanamke husimama juu ya jukwaa la mbao, ambalo mara nyingine huchimbiwa shimo chini yake ili livume, wakaligonga kwa visigino mpaka likawa kama ngoma ya tatu katika kundi lisilokuwa na ngoma hata moja. Katika sehemu za joto za Michoacán mtu mwingine hupiga magoti kando ya kinubi, na wakati mwenye kinubi akizivuta nyuzi, yeye hulipiga sanduku lake kwa viganja. Hata hivyo Hispania nayo ilikuwa na nyimbo zenye hesabu ya namna hiyo, kwa hiyo si haki kudai kwamba kila pigo gumu limetoka Afrika. Tunaloweza kusema ni kwamba mapigo hayo yalikutana, yakajuana, na leo hayatenganishiki. Katika karne ya 19 zikaongezeka polka na waltz kutoka Ulaya, nazo zikapokelewa vijijini bila ya mtu kuomba ruhusa.

Wapigaji hawa walikuwa watu wa namna gani? Walikuwa vibarua wa mashamba makubwa. Walivaa nguo nyeupe za pamba kama wakulima wengine, na makubazi miguuni. Walipiga katika arusi, katika sikukuu za watakatifu na mazikoni, na asubuhi wakarudi kondeni. Hawakuwa na tarumbeta. Jambo hili tunalisema mapema kwa sababu leo mtu akisikia mariachi pasipo tarumbeta hudhani kwamba mpigaji mmoja amechelewa.

Safari ya kutoka kijijini kwenda mjini twaijua vizuri. Mwaka 1905 wapigaji wa Cocula wakiongozwa na Justo Villa walipelekwa katika jiji la Mexico kumpigia Rais Porfirio Díaz. Watu wa jiji waliwatazama kama kioja cha shamba. Mwaka 1908 sauti zao zilinaswa katika sahani za santuri kwa jina la Cuarteto Coculense, na hizo ndizo sahani za kwanza za mariachi zinazojulikana. Sahani ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi tu. Son ambayo uwanjani iliweza kuendelea kwa kadiri miguu ya wachezaji ilivyotaka, sasa ilibidi ianze na kwisha kabla sindano haijafika katikati. Twaona kwamba badiliko hilo la kimyakimya lina uzito kuliko mengi yaliyopigiwa kelele baadaye, kwa kuwa ndilo lililomwondoa mchezaji. Tangu siku hiyo mariachi ikaanza kuwa kitu cha kusikilizwa.

Kisha yakaja Mapinduzi ya mwaka 1910, na vita vyake vilivyodumu kwa miaka 10 hivi. Mashamba makubwa yalivunjika, watu wakahama. Cirilo Marmolejo alifika jijini na kundi lake mnamo mwaka 1920. Mwaka 1925 mtu mwingine wa Cocula, Juan Hernández, alifungua kilabu cha pombe kiitwacho Tenampa kwenye uwanja wa Garibaldi, akawakaribisha wapigaji wa kwao. Uwanja huo, kwa wanaopenda majina, umeitwa hivyo kwa heshima ya mjukuu wa yule Garibaldi wa Italia, ambaye alipigana upande wa wanamapinduzi. Kuanzia hapo mpigaji hakungoja tena sikukuu ya kijiji: alisimama uwanjani kila usiku, akamngoja mwenye fedha aje kumwagiza wimbo. Na mwenye fedha huagiza wimbo aupendao yeye. Mtu wa Veracruz alitaka wimbo wa Veracruz, mtu wa Huasteca alitaka huapango yenye sauti ile ya juu inayokatika kooni, mtu wa kaskazini alitaka polka. Mpigaji aliyejua nyimbo za Jalisco pekee alilala na njaa. Wenye kuandika juu ya kuchanganyika kwa muziki hupenda kutaja wasanii wakubwa na mawazo yao. Sisi twadhani kwamba njaa ya uwanja wa Garibaldi ilifundisha mengi.

Serikali iliyotokana na Mapinduzi ilikuwa ikitafuta alama za kuliunganisha taifa, na mariachi ikachaguliwa. Kundi lililofaidika kuliko yote ni Mariachi Vargas la Tecalitlán, lililoanzishwa na Gaspar Vargas katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na kurithiwa na mwanawe Silvestre mwaka 1932. Mwaka 1934 lilikwenda jijini kupiga katika sherehe za kumwapisha Rais Lázaro Cárdenas, halikurudi tena. Lilipewa ajira na idara ya polisi ya jiji, na kwa takriban miaka 20 wapigaji wake wakapokea mshahara wa kila mwezi. Kwa kuwa walikuwa na uhakika wa chakula, waliweza kufanya mazoezi.

Redio ya XEW ilianza kutangaza mwaka 1930, na filamu zenye sauti zikafuata muda si mrefu. Filamu ya Allá en el Rancho Grande ya mwaka 1936 ilipendwa katika nchi zote za Kihispania, na kwa muda wa miaka 20 iliyofuata waimbaji kama Jorge Negrete na Pedro Infante walionekana wakiimba juu ya farasi huku mariachi ikiwafuata nyuma. Katika filamu hizo ndimo mavazi yalimobadilika kabisa. Makubazi na nguo nyeupe vilikwisha. Wapigaji wakavikwa mavazi ya charro, yaani mpanda farasi wa Jalisco: kofia pana ya kutariziwa, koti fupi, na suruali ya kubana yenye safu za vifungo vya fedha. Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Charro alikuwa mwenye shamba, au msimamizi wake. Kibarua aliyepiga fidla katika shamba hilo hakupata kuvaa koti la namna hiyo siku zake zote. Sasa mjukuu wake huvaa vazi la bwana wa babu yake, na dunia nzima huamini kwamba hilo ndilo vazi la jadi la mpigaji. Hatusemi kwamba ni jambo la aibu. Pengine mjukuu huona kwamba amelipiza. Lakini mwalimu anayewaonyesha wanafunzi picha ya mariachi na kuwaambia kuwa hiyo ndiyo mila ya kale, anawaonyesha kazi ya watengenezaji filamu.

Tarumbeta nayo ilipata nguvu kutokana na redio. Makundi machache yalikuwa yakiitumia tangu zamani kidogo, lakini katika vyombo vya matangazo vya siku zile fidla zilisikika kwa mbali na tarumbeta ilipasua. Miguel Martínez, aliyejiunga na Mariachi Vargas katika miaka ya 1940, ndiye aliyeionyesha njia ya kukaa na fidla pasipo kuzimeza. Katika miaka ya 1950 zikawa tarumbeta mbili, na idadi hiyo haijabadilika. Walikuwapo watu waliochukizwa. Walisema kwamba hiyo si mariachi tena, ni bendi ya askari. Kinubi, kilichokuwa uti wa mgongo wa makundi mengi ya zamani, kilipungua kwa sababu guitarrón ilifanya kazi yake ya sauti nzito, nayo ilibebeka begani.

Mwaka 1944 Mariachi Vargas ilimpata kijana wa miaka 18 aitwaye Rubén Fuentes, mpiga fidla aliyekuwa amesomea muziki wa Ulaya na ambaye hakuijua mariachi. Huyo alikuja kuwa mwalimu wa kundi zima. Aliwataka wapigaji wasome noti. Alizipanga fidla kama zipangwavyo katika okestra. Akaziandikia tarumbeta sauti mbili zinazofuatana. Wimbo wake La Bikina wa mwaka 1964 una mapatano ya sauti ambayo mzee Gaspar Vargas asingeyatambua. Mtunzi José Alfredo Jiménez, ambaye hakujua kusoma noti wala kupiga ala, aliziimba nyimbo zake kwa mdomo, na Fuentes akawa anaziandika na kuzipamba. Katika ushirikiano huo tunamwona mtu wa kilabu cha pombe na mtu wa chuo wakikaa meza moja, na nyimbo walizozitoa zingali zikiimbwa. Fuentes alifariki dunia mwaka 2022.

Nyimbo hizo ziliitwa ranchera, kutokana na rancho, yaani shamba la mifugo, ingawa nyingi zilitungwa na kuimbwa mjini na watu waliokuwa wakilikumbuka shamba kwa mbali. Aliyezipa sauti yake ya kike ni Lucha Reyes. Alikuwa ameanza na sauti nyembamba ya juu ya kiopera, akaipoteza kwa ugonjwa wakati wa safari ya Ujerumani mwaka 1927. Aliporudi sauti ilikuwa imekwaruza. Akaitumia vivyo hivyo: akalia, akacheka, akapiga ukelele katikati ya mstari. Waimbaji wengi wa kike waliofuata walipita katika njia aliyoifungua. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 38.

Mchanganyiko mwingine wa miaka hiyo unawahusu wasomaji wetu wa Kongo na Afrika ya Mashariki kwa karibu. Bolero, wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu, ulizaliwa Kuba katika karne ya 19. Ulipofika Meksiko ulipigwa kwanza kwa magita na piano. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Pedro Infante akaanza kuiimba bolero huku akipigiwa na mariachi, na Fuentes akiwa miongoni mwa waliozipanga sauti zake. Ndiyo iliyoitwa bolero ranchera, na baadaye Javier Solís akawa bingwa wake. Na kutoka Kuba hiyohiyo, kuanzia miaka ya 1930, sahani za santuri zenye alama ya GV ziliingia Kongo na Afrika ya Mashariki, na bendi za Leopoldville zikajifunza rumba na bolero humo. Kwa hiyo mzee wa Kinshasa aliyecheza bolero ya ujana wake na mzee wa Guadalajara aliyelizwa na Javier Solís walikunywa katika kisima kimoja, kila mmoja kwa kata yake.

Twarudi kwa wale waliochukizwa na tarumbeta, maana haifai kuwapuuza. Sisi walimu wa lugha twaijua hoja yao: kila kinachoingia huharibu, na kilichokuwapo jana ndicho safi. Kwa mariachi hoja hiyo haina pa kusimama, kwa kuwa hakuna jana ambayo haikuwa na mchanganyiko. Fidla yenyewe ilikuja kwa meli. Lakini wakisema kwamba kuna watu waliopoteza, wanasema kweli. Mariachi ya jijini ilipofanywa kuwa sauti ya taifa, wazee wa vijijini waliokuwa na fidla mbili na vihuela waliambiwa na watoto wao kwamba wanachopiga si mariachi. Walikosa waalikaji. Nyimbo za usiku wa kukesha kwa mtakatifu, na michezo iliyohitaji saa nzima, zilikosa warithi. Hasara hiyo haikuletwa na kuchanganyika, maana wazee hao nao walikuwa wachanganyaji. Ililetwa na uamuzi kwamba namna moja iwe ndiyo halisi, na redio, filamu na mishahara vielekezwe huko. Tangu mwaka 2002 wazee wa namna hiyo na wanafunzi wao hukutana Guadalajara katika mkutano wa taifa wa mariachi ya jadi, na wako waendao kule ambao kwa mara ya kwanza husikia mariachi isiyokuwa na tarumbeta.

Wakati huo mariachi ya tarumbeta ilikwisha kuvuka mpaka. Nati Cano, mwana wa Jalisco, aliliunda kundi la Los Camperos huko Los Angeles mwaka 1961. Mwaka 1979 ukafanyika San Antonio mkutano mkubwa wa kuwafundisha vijana, na siku hizi shule nyingi za kusini-magharibi ya Marekani hufundisha mariachi kama somo, jambo ambalo Meksiko kwenyewe lilichelewa. Mwimbaji Linda Ronstadt, aliyejulikana kwa nyimbo za roki, alitoa mwaka 1987 sahani ya nyimbo za baba yake, naye akaimba pamoja na Mariachi Vargas. Mwaka 1994 likaundwa Los Angeles kundi la wanawake watupu, Mariachi Reyna, ijapokuwa wanawake wa Meksiko walikwisha kuyajaribu mambo hayo miaka mingi nyuma. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika mariachi katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Na upande wa kanisa? Mwaka 1966, miaka michache baada ya Mtaguso wa Vatikano kuruhusu lugha na muziki wa wenyeji katika ibada, mariachi iliingizwa katika kanisa kuu la Cuernavaca, askofu akiwa Sergio Méndez Arceo. Misa nzima ilipigwa kwa fidla, vihuela, guitarrón na tarumbeta, na waumini wakaja kwa wingi. Hakuna aliyewanyang'anya wapigaji ala zao.